Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Jibu la "hapana" la mgonjwa wa saratani

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa muuguzi wa wodi ya saratani, kuhusu namna tunavyomuuliza mgonjwa kama anataka msaada wa kisaikolojia, na tunavyolipokea jibu lake. Kwenye takwimu tunazokusanya, mgonjwa aliyekataa anahesabiwa kama asiyehitaji. Sisi tulio karibu na vitanda tunaona kuwa wengi wao hawakupata hata nafasi ya kuamua.

Chukua siku ya kwanza ya tibakemikali. Mama ameketi, dripu imeshaingia mshipani, mkoba ameupakata, mumewe amesimama pembeni. Nafika na fomu. Swali liko karibu na mwisho, baada ya mzio, dawa anazotumia na namba ya simu ya ndugu: je, ungependa kuonana na mshauri nasaha? Anamtazama mumewe kwanza, kisha ananigeukia. "Niko sawa tu, dada." Natia alama penye hapana, na swali hilo halirudi tena hadi matibabu yanaisha.

Pengine hakutaka mumewe ajue jinsi anavyoogopa. Pengine anaamini mshauri nasaha ni wa watu waliorukwa na akili, au anahofia daktari atamwona dhaifu na kumpunguzia dawa. Wapo waliokwisha kuambiwa na jamaa kuwa lazima wawe jasiri, kwa hiyo kulia mbele ya mtu wanakuona kama kujisalimisha kwa ugonjwa. Na wapo, nasisitiza hili, ambao kweli hawahitaji: wana watu wa kuwasikiliza, wanalala, wanakula, wanaendelea. Sanduku moja la fomu linawachanganya wote hawa.

Watafiti waliowauliza wagonjwa wenye dhiki kubwa kwa nini hawataki msaada wamekutana na majibu yanayojirudia: napendelea kupambana mwenyewe, tayari nasaidiwa na watu wangu, hali yangu haijafikia huko. Jibu hilo la tatu ndilo linaloniuma. Mgonjwa atajuaje kama hali yake imefikia huko? Wengi wanadhani kukosa usingizi wiki nzima kabla ya kila kipimo ni sehemu ya saratani, jambo la kuvumilia tu. Wengine wanaona wakichukua nafasi hiyo watamnyima aliyezidiwa zaidi. Methali ya mficha maradhi haiwahusu watu hawa. Hawafichi chochote, wamekosa tu pa kusemea.

Kipimo kipo. Hospitali nyingi duniani zinatumia mchoro wa kipimajoto uliobuniwa miaka ya 1990, wenye namba 0 hadi 10, mgonjwa anaonyesha dhiki yake ya wiki iliyopita, na anayefika 4 au zaidi huchunguzwa kwa undani. Hakichukui muda wala hakihitaji mashine. Lakini namba bila mtu wa kuifuatilia haimsaidii mgonjwa kitu.

Kuna jambo jingine linaloharibu maamuzi, nalo ni ahadi. Mwaka 1989 David Spiegel, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, na wenzake walitoa matokeo yaliyoonyesha kuwa wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa, waliokutana kwenye vikundi vya kuzungumza, waliishi muda mrefu zaidi. Habari ile ilienea sana, na hadi leo wapo wanaowavuta wagonjwa kwayo. Mwaka 2001 Pamela Goodwin, daktari wa saratani wa Kanada, na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 235 wenye saratani kama hiyo: vikundi havikurefusha maisha, ila vilipunguza maumivu na huzuni, hasa kwa wale walioanza wakiwa na dhiki kubwa. Mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo hivyo. Tukimwambia kuwa mazungumzo yatamponya, ugonjwa ukirudi atajilaumu kwamba hakuzungumza vya kutosha. Nimewasikia wanaojilaumu hivyo. Ni mzigo wa kikatili kumtwisha mtu mgonjwa.

Nikiri pia kwamba baadhi ya wanaokataa wanakataa safari tu. Mtu aliyechoshwa na mionzi hawezi kurudi hospitali siku nyingine kwa ajili ya mazungumzo ya saa moja. Miadi ikipangwa siku ile ile ya matibabu, au ikafanyika kwa simu, sababu hiyo inaondoka.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni mwongozo wa wizara utakaobadili jinsi swali linavyoulizwa. Liulizwe faraghani, ndugu wakiwa nje. Daktari anayemtibu ndiye alitamke kwanza, kwa sababu mgonjwa akilisikia kwake analipokea kama sehemu ya tiba, na amweleze kuwa anaweza kuonana na mshauri mara moja tu ndipo aamue. Lirudiwe baada ya wiki chache, na dawa zinapokwisha, kwani wengi huyumba wakati huo, watu wa nyumbani wakidhani yameisha. Lirudiwe tena ugonjwa ukirejea. Anayesema hapana akiwa ameelewa aachwe kwa heshima, asifuatwefuatwe. Na kwenye fomu, kati ya ndiyo na hapana, tuongezewe sanduku la tatu: "niulize baadaye", pamoja na nafasi ya kuandika tarehe na jina la mhudumu atakayeuliza.

Wako,
Muuguzi wa wodi ya saratani