Risala ya Kikundi cha Sanaa za Maonyesho kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu wapendwa na wanachuo wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha kwenye onyesho letu la jioni hii. Wewe ulisoma Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, kwa hiyo tulipokualika tulijua tumejitafutia mkaguzi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, muhula huu tulizama katika kisa kimoja cha Bulgaria, cha fundi mwashi Manol. Anachojenga mchana, usiku kinabomoka. Ili jengo lisimame, waashi wanaapizana: mke atakayetangulia kesho kuleta chakula, atajengewa ndani ya ukuta. Wenzake wanafika nyumbani na kuwatonya wake zao. Manol peke yake anatunza kiapo. Katika baadhi ya nyimbo anadondosha pete msingini, kisha anamwomba mkewe ashuke akaiokote. Mawe yanapomfika kifuani, mama huyo anaomba liachwe tundu apate kumnyonyesha mwanawe. Watu wa Nevestino, karibu na Kyustendil, wanalihusisha tukio hilo na daraja lao la matao matano juu ya mto Struma, lililojengwa mwaka 1470.

Imani hiyo haikuishia kwenye nyimbo. Waashi wa Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya, walikuwa wakipima kwa uzi kivuli cha mpita njia na kuufukia uzi huo ukutani, wakiamini mwenye kivuli hatakaa sana duniani. Naye, maskini, keshaenda zake sokoni.

Petko Todorov (1879–1916) aliigeuza hadithi hii kuwa tamthilia, Zidari, yaani Waashi. Humo anayejengewa ukutani ni msichana, Rada, na jengo ni kanisa. Jina hilo la Waashi lilitugawa. Baadhi yetu walidai mwandishi naye kamsahau mwanamke. Wengi tuliona amewapandisha wanaume kizimbani: wimbo humlilia mke aliyejengewa, mwandishi anawageukia waliokubaliana. Rada hakuulizwa, nasi tumeigiza hivyo, wajenzi wakiwa mbele jukwaani muda wote.

Mheshimiwa, changamoto hazikosekani. Hatuna nakala ya Kiswahili. Vipande utakavyoviona tumevitafsiri kwa kuungaunga kupitia lugha nyingine. Tunaomba utuunganishe na mtu anayesoma Kibulgaria vizuri. Pili, taa za jukwaa ni mbili, na moja inazima ikijisikia.

Baada ya kusema hayo, tunaomba upokee risala hii, kisha utupe ruhusa ya kufungua pazia.

Imesomwa na Katibu wa Kikundi.