Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Shikamooni mama zangu, na wadogo zangu hamjambo. Hesabu za mwaka atazisoma Mweka Hazina. Orodha ya kina mama tuliowapa nguo za kuanzia kazi anayo Katibu, bila majina, kama tulivyokubaliana. Mimi nataka tuzungumze zaidi juu ya mwezi wa kwanza wa mtu kazini.

Tulipoanza tulidhani ugumu ni kuipata kazi. Sasa tunajua kwamba mwanamke aliyetoka gereza la Segerea, au aliyekimbia kipigo usiku akafika Dawati la Jinsia la polisi na khanga moja, anaweza kupata kazi Jumatatu na kuipoteza Ijumaa. Ameambiwa aje na suruali nyeusi, shati jeupe na viatu vyeusi vya kufunika. Mshahara ni mwisho wa mwezi, na hata nauli anakopa. Siku ya pili shati ni lilelile, limefuliwa usiku na halijakauka. Siku ya tatu anaona haya. Siku ya nne hatokei, na msimamizi anaandika mtoro. Ndiyo maana tunatoa seti mbili na jozi ya viatu kabla hajaanza, ili moja ikiwa mwilini, nyingine iwe kwenye kamba.

Wenzetu wa mbali waliliona hili zamani. Mwaka 1996, New York, Nancy Lublin alianzisha Dress for Success kwa urithi wa dola 5,000, akiwavisha wanawake suti za usaili. Kwetu wachache huitwa usaili wa suti. Wengi wanakwenda kufanya usafi maofisini, ulinzi, jikoni na mapokezi.

Machi tulikosea, na kosa nalibeba mimi. Tulinunua robota la mitumba soko la Karume, tukagawa nguo kwenye mifuko bila kumpima mtu. Dada mmoja akapata sketi iliyombana. Akaivaa hivyohivyo, akihofia tutamwona hana shukrani. Alipokuwa akipanda ngazi na ndoo, mshono ukafumuka, akashinda na sweta kiunoni mpaka jioni. Kesho yake aliirudisha sketi imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri, akatuomba radhi. Yeye ndiye alituomba radhi sisi! Niliipokea, nikakosa la kusema.

Tangu hapo hakuna mfuko unaotoka bila vipimo. Kila mmoja anakaa na fundi wetu, anachagua mwenyewe, anajaribu, anarudi kujaribu tena. Agosti mama mmoja alijaribu gauni la tetroni ya bluu. Kioo hakukitazama. Alitumbukiza mkono mfukoni, akautoa, akautumbukiza tena, kisha akauliza kama mfuko unaweza kuwekwa zipu. Alikuwa amepanga chumba, na katika miaka yote ya ndoa ufunguo haukuwahi kukaa kwake. Fundi aliitia zipu palepale, na sasa magauni yote anayoshona yana mfuko wa zipu.

Suala la nguo za ndani lilizua maneno kwenye kikao cha kamati. Za mitumba Shirika la Viwango, TBS, limezikataza, na hata kama lisingezikataza, msimamo wangu ungekuwa uleule: tununue mpya. Mtu anayeanza maisha upya hastahili kuanza na chupi ya mwingine. Naomba fungu hili lisiguswe.

Jambo lililoniudhi ni kampuni moja iliyowakata wafanyakazi wawili gharama ya sare kwenye mshahara wa kwanza, bila ridhaa yao ya maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kujikatia apendavyo. Tuliwasindikiza, tukazungumza kwa upole, fedha zikarudi. Buti na glovu za kazi za hatari tumeacha kuzitoa, kwa kuwa huo ni wajibu wa mwajiri, na tukiubeba sisi tunampunguzia yeye mzigo wake.

Kikundi chetu cha ushonaji kinakamilisha usajili ili kiombe mkopo wa halmashauri, lile fungu la asilimia 4 ya mapato yake ya ndani linalotengwa kwa wanawake, ambalo utoaji wake ulisimamishwa Aprili 2023 na sasa umerejea. Cherehani tulizonazo ni mbili, na moja inakata uzi kila siku.

Viatu bado vinatusumbua kuliko kitu chochote. Tunaletewa vya visigino virefu, navyo ni vizuri, lakini anayesimama mapokezi tangu asubuhi hawezi kuvivaa. Tunahitaji vyeusi, vya chini, vya kufunika, hasa namba 40 hadi 42.

Naliweka mbele yenu pendekezo moja la kupigiwa kura leo: fundi wetu, ambaye mpaka sasa analipwa kwa kipande, alipwe kwa mwezi kuanzia Januari. Anapolipwa kwa kipande, kila dakika anayokaa na mteja akimsikiliza inatoka mfukoni mwake. Mweka Hazina amepiga hesabu, na tukilipa ada kwa wakati fedha zitatosha.

Mwenyekiti