Bima ya gari ikifutwa, mwenye gari aambiwe

Mhariri,

Katika mikataba mingi ya bima ya gari hapa Kenya kuna kifungu ambacho wateja hawakisomi, na sisi mawakala hatuna haraka ya kuwasomea. Kinaipa kampuni uwezo wa kufuta bima wakati wowote, mradi imtumie mteja notisi kwa barua ya rejista kupitia anwani yake ya mwisho inayojulikana. Notisi yenyewe mara nyingi ni ya siku saba, ingawa mikataba mingine hutoa siku 14 au 30. Kwa kawaida kampuni hailazimiki kutaja sababu. Ikishakabidhi barua Posta imetimiza wajibu wake, na kama barua hiyo itasomwa au italala huko, si shida yake tena.

Nauza bima Mombasa na sina ugomvi na haki ya kampuni kujitoa. Wateja wengine ni wajanja. Mtu anakata bima ya gari la matumizi binafsi, kumbe kila alfajiri Probox hiyo inabeba abiria wa kulipa kutoka Kilifi. Kampuni ikigundua hilo ikataka kuachana naye, nitamtetea kwa lipi? Mteja pia anaruhusiwa kujitoa akichoka. Na mwaka ukiisha, kampuni ikikataa kumkatia tena, hapo haijafuta kitu, mkataba umeisha muda wake tu. Ninacholalamikia ni bima kufutwa katikati ya mwaka bila mwenyewe kujua.

Tuanze na hiyo anwani. Fomu ya kuomba bima inauliza sanduku la posta. Mwenye tuktuk wa Kisauni hana sanduku, basi anaandika la shule ya mtoto, la kanisa, au la mwajiri aliyeachana naye zamani. Chini yake anaandika namba ya simu. Namba hiyo kampuni inaijua vizuri sana: ndiyo inayotumiwa kumkumbusha kulipa na kumtakia Idi njema. Lakini siku ya kumwambia kwamba gari lake halina bima tena, kampuni inakumbuka Posta.

Zamani ucheleweshaji huu haukuumiza sana, maana cheti kilikuwa karatasi iliyobandikwa kwenye kioo na ilibidi mtu akifuate. Leo vyeti ni vya kidijitali, katika mfumo ulioletwa na Chama cha Kampuni za Bima Kenya (AKI). Karani akibonyeza kitufe, cheti kimekufa. Askari akikagua namba ya gari njiani anaona halina bima, huku dereva akimwonyesha nakala kwenye simu, yenye tarehe ambayo bado haijafika. Na Sura ya 405, sheria ya bima ya magari inayowalinda watu wengine wanaoumizwa barabarani, haimhusu dereva peke yake. Mwenye gari aliyeruhusu litembee bila bima naye ana kosa, hata kama alilala akijua amelipia mwaka mzima.

Sheria hiyo hiyo, kwa upande wa aliyegongwa, ina busara. Kifungu cha 10 kinailazimu kampuni kumlipa mtu aliyeshinda kesi ya kuumizwa, hata kama ilikuwa na haki ya kufuta bima au imeshaifuta. Ili ikwepe kwa hoja ya kwamba iliifuta, lazima ufutaji uwe ulifanyika kabla ya ajali, na cheti kiwe kimerudishwa au mteja awe ameapa kwamba kimepotea, au kampuni iwe imemshtaki mteja kwa kutokirudisha ndani ya muda uliowekwa. Ikidai mteja aliidanganya alipoomba bima, inabidi ifungue kesi kortini ndani ya miezi mitatu tangu kesi ya ajali kuanza. Aliyeandika masharti hayo alielewa kwamba mpita njia hana habari ya barua za kampuni na mteja wake. Ila aliandika enzi za karatasi. Mteja atarudishaje cheti ambacho ni faili kwenye WhatsApp, na ambacho amewatumia madereva wawili na fundi? Wanasheria watavuna hapo, na kampuni ikishalipa inaweza kumgeukia mwenye gari imdai.

Kuna mlango mwingine ambao wateja hawauoni kabisa, nao ni mkopo wa bima. Sura ya 487, yaani Sheria ya Bima, kifungu cha 156, hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ya kulipwa au kupata dhamana ya malipo, kwa hiyo wenye matatu na malori wengi huenda benki. Benki inalipa ada yote mara moja, nao wanailipa benki kila mwezi. Katika fomu za mkopo mteja anaipa benki mamlaka ya kuomba bima ifutwe akishindwa kulipa. Matatu ikikaa gereji wiki tatu na awamu moja ikaruka, benki inaiandikia kampuni, kampuni inafuta, na pesa zilizobaki zinarudi benki. Kisheria hakuna aliyekosea. Mwenye matatu ndiye hukuta hana bima, na mkopo pengine haujaisha.

Pesa zenyewe zina hesabu yake. Tuseme ada ya mwaka ni Sh36,500, yaani Sh100 kwa siku. Kampuni ikifuta baada ya siku 73, imekula Sh7,300 na kwa desturi inatakiwa kurudisha Sh29,200. Mteja akifuta mwenyewe siku hiyo hiyo anapata pungufu ya hapo, kwa sababu anakatwa kwa viwango vya muda mfupi, ambavyo kwa siku ni ghali kuliko vya mwaka mzima, na kama ameshadai fidia mwaka huo huenda asipate kitu. Basi wako mawakala, na nawafahamu, wanaomshawishi mteja aandike barua ya kujitoa pale ambapo ni kampuni inayotaka kumtoa. Mteja asiweke sahihi barua hiyo.

Mamlaka ya Kusimamia Bima (IRA) ingeweza kuagiza mambo haya bila kungoja Bunge: notisi ipelekwe kwa simu pamoja na barua, itaje sababu, na cheti kisizimwe kwenye mfumo mpaka siku za notisi ziishe. Benki inayoomba bima ifutwe imjulishe mteja siku hiyo hiyo. Pesa za kurudishwa zitumwe pamoja na notisi, si baada ya mteja kupanda ngazi za ofisi miezi miwili. Katiba, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidi alicholipia, na sioni habari kubwa kuliko hii. Kurekebisha suala la kurudisha cheti katika Sura ya 405, hiyo ndiyo kazi ya wabunge.

Kwa sasa, mwenye gari akague cheti chake kwenye programu ya simu ya AKI mara kwa mara, hasa kama ana mkopo wa bima. Akikuta kimefutwa, aliegeshe gari, adai nakala ya notisi na risiti ya Posta, kisha apeleke malalamiko IRA kwa maandishi.

Wakala wa bima,
Kongowea, Mombasa