Risala ya Klabu ya Maji na Ardhi Oevu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Ardhi Oevu Duniani, Februari 2

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule na wajumbe wa Bodi,
Wataalamu wetu wa maabara ya maji,
Wazee wa mwaloni, wazazi, walimu na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, karibu sana Mwanza, na karibu katika shule yetu. Tunajua njia ya kushukia huku ni utelezi mtupu msimu huu, na umekuja. Tunashukuru.

Leo dunia inaukumbuka mkataba wa kulinda ardhi oevu uliosainiwa mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, nchini Iran. Tanzania ilijiunga nao mwaka 2000, na hadi sasa maeneo yetu manne yamo katika orodha yake: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Kinamasi cha mafunjo ulichokipita mkono wa kushoto ukishuka kutoka barabara ya lami hakimo. Ni kidogo, na hakuna mtalii anayekuja kukipiga picha. Lakini maji ya mto yanapitia humo kabla ya kufika ziwani pale mama zetu wanapochota, na kwa hiyo ndicho tunachokipima.

Klabu hii ilianza pale wataalamu wa maabara walipokuja kuchukua sampuli na kukuta wanafunzi tumesimama ukingoni tunawatazama. Mmoja wao alitupa kamba tuishike. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunavaa mabuti ya mpira, kwa sababu ya konokono wa kichocho wanaokaa kwenye majani ya ukingoni, na kwenda vituo vitatu: mto unapoingia kwenye kinamasi, unapotokea, na mwaloni, yaani pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi. Vituo havibadiliki, saa haibadiliki. Mwanzoni tuliona kama ni ukaidi wa wataalamu, kwamba kwa nini tusiende panapofikika kirahisi mvua ikinyesha. Sasa tunaelewa. Ukipima hapa mwezi huu na kule mwezi ujao, huna cha kulinganisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna kisahani cha bati chenye upana wa sentimita 20, kimepakwa rangi nyeusi na nyeupe, kimefungwa kwenye kamba yenye mafundo. Kinaitwa kisahani cha Secchi, kwa jina la padri wa Kiitaliano aliyekitumia baharini mwaka 1865. Unakishusha polepole upande wenye kivuli cha mtumbwi, unaangalia hadi kipotee machoni, unasoma kamba. Basi. Kifaa hiki ambacho hata fundi bati wa sokoni anaweza kukitengeneza ndicho kinachotuambia habari kubwa kuliko zote za Ziwa Victoria. Watafiti waliozunguka ziwa hili mwaka 1927 na 1928 walikiona kisahani kikiwa chini zaidi ya mita 5 katika maji ya katikati. Kufikia miaka ya 1990 kilikuwa kinapotea kati ya mita 1 na 3. Hapa kwetu ufukweni, baada ya mvua, kinapotea kamba ikiwa haijafika hata kifuani kwa mtoto.

Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800, na bado limebadilika rangi ndani ya maisha ya mtu mmoja. Udongo wa mashamba, mbolea na maji machafu ya miji vinaingia, mwani unashiba na kuzaana, maji yanakuwa kijani. Bibi zetu wanasema zamani walikuwa wanaona miguu yao wakiwa wamesimama majini hadi kiunoni. Tunawaamini, na yule mtu aliyeandika vipimo mwaka 1927 anawaunga mkono. Asingeandika, leo maneno ya bibi yangeitwa hadithi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna jambo moja la kukueleza kwa undani, kwa sababu liligusa watu wa hapa.

Mwaka jana, baada ya siku kadhaa za utulivu ziwani na kisha usiku mmoja wa upepo mkali, tuliamka tukakuta samaki wamekufa wamejaa ufukweni. Wengi wao walikuwa sangara. Kufika saa mbili asubuhi neno lilikuwa limeshaenea kuwa kuna sumu, na vidole vilikuwa vinanyooshwa kwa vijana wanaovua kwa kokoro, ule wavu wa kukokotwa hadi ufukweni. Wengine walikuwa wameshashika fimbo. Mwalimu wetu wa klabu aliomba mtumbwi, tukaenda na chupa.

Chupa hiyo ni ya glasi, na huzamishwa kwa kuinamishwa ili kisibaki kiputo hata kimoja cha hewa. Unatia dawa ya kwanza yenye manganizi, ncha ya pipeti ikiwa chini ya uso wa maji, kisha ya pili yenye iodini, unaziba, unaipindua juu chini mara nyingi. Maji yenye oksijeni ya kutosha hufanya mashapo ya kahawia, mazito kama uji wa ulezi. Yale ya asubuhi hiyo yalibaki meupe. Tulirudia chupa ya pili, na ya tatu. Nyeupe.

Maji ya asubuhi ile yalikuwa karibu hayana oksijeni. Mwani mwingi ukifa unazama na kuoza, na kuoza kunamaliza oksijeni ya chini. Upepo ukija unayapandisha maji hayo juu kwa ghafla. Sangara anahitaji oksijeni nyingi, hakuweza kustahimili. Lakini kambare na kamongo, ambao hupanda juu na kuvuta hewa, walikuwa wazima. Mzee mmoja wa mwaloni, aliyepo hapa leo, ndiye aliyesema kwa sauti: sumu gani hii inayochagua samaki? Watu wakaweka fimbo chini. Maabara ilipopima sampuli tulizofunga kwenye barafu, majibu yalikuwa yale yale.

Vijana wale wanne wameketi nyuma pale, na wawili kati yao ndio wanaotuendeshea mtumbwi siku hizi bila kutudai hata senti.

Ndiyo maana tunasema kwa uchungu, Mheshimiwa, kwamba maji ya mwalo huu yamechukuliwa mara nyingi na majibu hayakurudi. Wazazi wetu wanakumbuka watu waliokuja na magari na chupa, miaka na miaka, wakaahidi kuleta matokeo, wasionekane tena. Hatuwatuhumu kwa ubaya. Labda matokeo yapo kwenye kabati mahali fulani. Lakini mama anayechota ndoo alfajiri ana haki ya kuyajua kabla ya mtu mwingine yeyote. Kipimo cha vimelea vya kinyesi kinafahamika: mililita 100 za maji huchujwa kwenye karatasi laini, karatasi inalazwa kwenye joto la nyuzi 44 kwa saa 24, kisha madoa yanayoota yanahesabiwa. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata doa moja. Jibu la namna hiyo linaandikika kwa Kiswahili kwenye ubao, kwa chaki.

Kuhusu kinamasi, tutasema kwa kifupi. Mto unaingia ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, unatokea umetulia, tope limeshikwa na mizizi ya mafunjo. Tangu upande wa juu ulipofyekwa kwa ajili ya mpunga na mboga, tofauti hiyo inapungua, na daftari letu linaonyesha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa ziachwe bila shughuli zinazoharibu mazingira. Watu wanaolima pale tunawajua, ni majirani zetu, wengine ni wajane wanaosomesha watoto waliomo katika shule hii. Hatuombi wafukuzwe. Tunaomba mpaka uonyeshwe kwa nguzo, na watafutiwe eneo lingine kabla ya jembe kuzuiwa.

Tunaomba pia sanduku la barafu lililo imara, kwa sababu la kwetu lina ufa, na mwezi Oktoba barafu iliyeyuka njiani tukalazimika kumwaga sampuli zote. Sampuli iliyopata joto inadanganya, kwani vimelea vinaendelea kuongezeka ndani ya chupa. Tunaomba dawa za kupimia oksijeni zisikatike katikati ya mwaka. Na zaidi ya hayo yote tunaomba ubao pale mwaloni, chini ya mwembe, wa kuandika majibu kila mwezi, na kibali cha maabara kutupatia majibu hayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chupa iliyo mezani mbele yako tuliijaza leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ina mashapo ya kahawia, kwa hiyo habari ni njema. Tutatia asidi, mashapo yatayeyuka na maji yatakuwa ya dhahabu. Tutadondoshea dawa kutoka kwenye bureti hadi rangi ififie, tutie matone ya wanga yageuke buluu. Baada ya hapo ni tone kwa tone, hadi buluu yote ipotee, na hapo ndipo tunasoma kiasi cha oksijeni.

Matone hayo ya mwisho tunakuomba uyadondoshe wewe. Katibu wa klabu atakusomea namba, na ubao wa chaki uko hapa pembeni kwa ajili ya kuiandika.

Tunaomba kuwasilisha.