Risala kwa Mgeni Rasmi: Protini ya CD45 na Kipimo cha CD4 Kanda ya Ziwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wakuu wa idara za afya, walimu, wazazi, wanafunzi, mabibi na mabwana, hamjambo.

Sisi wahudumu wa maabara na wanafunzi wa fani hii hapa Kisumu tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Karibu sana kando ya ziwa. Risala yetu ni ya protini moja tu, CD45. Majibu mengi ya CD4, yaani hesabu ya seli za kinga ambazo VVU huzishambulia, yanayomfikia daktari yametegemea protini hii, ilhali hata kwa wengi wanaoitazama kwenye skrini ya mashine kila siku inabaki kuwa rangi tu.

Mheshimiwa, CD45 imekaa kwenye utando wa chembe nyeupe za damu za kila aina. Chembe nyekundu zilizokomaa hazina, wala chembe sahani zinazosaidia damu kuganda. Kwenye limfosaiti, aina ya chembe nyeupe ambamo seli za CD4 zimo, inachukua takriban sehemu moja ya kumi ya uso wote wa seli. Nje ina shina refu, na ndani ina kimeng'enya kinachobandua fosfati, kibandiko kidogo cha kikemikali, kutoka kwenye tirosini, mojawapo ya viungo vinavyojenga protini. Hiyo kazi ya ndani ilifahamika mwaka 1988, pale Nicholas Tonks, Edmond Fischer, Harry Charbonneau na wenzao nchini Marekani walipogundua kwamba kimeng'enya kilichotolewa kwenye kondo la nyuma la binadamu kinafanana na sehemu ya ndani ya CD45. Kabla ya hapo ilijulikana zaidi kama alama ya kutambulisha chembe nyeupe.

Ndani ya seli T, limfosaiti zinazopambana na virusi, kuna protini iitwayo Lck, ambayo ndiyo huanzisha taarifa kwamba adui ameonekana. Protini nyingine, Csk, huibandika Lck fosfati mkiani, kwenye tirosini ya 505, na mkia ukajikunja kama kisu cha kukunja: makali yapo, lakini hayakati. CD45 huja ikaibandua fosfati hiyo, kisu kikakunjuka. Lakini CD45 hiyo hiyo inaweza kubandua fosfati ya tirosini ya 394, ambayo ndiyo inayoipa Lck nguvu kamili. Kwa hiyo si sahihi kumfundisha mwanafunzi kwamba CD45 huwasha tu, au huzima tu. Inafanya yote mawili, na kinachoamua ni wingi wake na mahali ilipo. Seli T inapoigusa seli yenye virusi, nafasi kati yao hubaki nanomita 15 hivi. Shina la CD45 lina urefu wa nanomita 20 na zaidi, kwa hiyo husukumwa pembeni, na mahali palipoguswa fosfati zinabaki, taarifa ikaendelea. Mtoto anayezaliwa bila CD45 inayofanya kazi huwa na upungufu mkali wa kinga. Ni hali adimu sana, lakini inaonyesha uzito wa protini hii.

Sasa tuingie mezani pa kazi. Damu huchukuliwa kwenye tyubu ya EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, yenye kifuniko cha zambarau, ikajazwa hadi alama, ikapinduliwa polepole mara 8 hadi 10. Ikiganda hata kidogo, seli hunaswa kwenye bonge na hesabu hushuka. Tyubu hiyo isipimwe. Kwa njia ya tyubu zenye shanga ndogo za kuhesabia ambazo idadi yake inajulikana, tunaweka mikrolita 20 za kingamwili zenye rangi, zinazonata kwenye CD45, CD3 (alama ya seli T) na CD4, kisha mikrolita 50 za damu. Tunatikisa na kuacha gizani dakika 15 kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25, tunaongeza mikrolita 450 za dawa ya kupasua chembe nyekundu, tunasubiri dakika 15 nyingine, ndipo tyubu huingia kwenye mashine inayomulika seli moja moja kwa mwanga.

Kosa kubwa hutokea kwenye zile mikrolita 50. Damu ni nzito, na utando wake hubaki ndani ya ncha ya pipeti. Ndiyo maana tunabonyeza pipeti hadi kituo cha pili, tunavuta damu, tunapangusa ncha kwa nje, kisha tunatoa hadi kituo cha kwanza tu, kinachobaki kinatupwa. Mashine hulinganisha seli na shanga ikiamini kwamba damu ni mikrolita 50. Zikiingia 45, mgonjwa mwenye seli za CD4 220 kwa kila mikrolita ya damu anasomeka 198. Shirika la Afya Duniani huhesabu mtu mzima aliye chini ya 200 kuwa na ugonjwa wa VVU uliokomaa, kwa hiyo mikrolita tano zinaweza kubadilisha njia nzima ya matibabu. Tone likibaki kwenye ukuta wa tyubu ni kosa hilo hilo, kwa sababu seli zake hazikukutana na kingamwili.

Kwenye skrini, CD45 ndiyo inayotupa pa kushika. Limfosaiti zina CD45 nyingi na hutawanya mwanga kidogo upande. Chembe zenye punje zina CD45 hafifu na hutawanya mwanga sana. Monosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, ziko katikati. Monosaiti nazo zina CD4 kidogo, kwa hiyo anayechora mpaka mpana bila kuangalia CD3 atampa mgonjwa seli ambazo hana. Na hapa kwetu kuna jambo la ziada: wagonjwa wa seli mundu ni wengi, na chembe zao nyekundu zinaweza kukataa kupasuka kwa dawa. Anayetambua seli kwa ukubwa pekee atazihesabu pamoja na limfosaiti. Kwa kuwa hazina CD45, mpaka ukichorwa vizuri zinabaki nje zenyewe.

Protini hii inatusaidia pia kwenye uvimbe wa taya wa watoto. Kipande kikipakwa kingamwili ya CD45 na kushika rangi, limfoma (saratani ya limfosaiti) kama ya Burkitt hutenganishwa na saratani nyingine zenye seli ndogo za mviringo. Kisiposhika, tusikimbilie kusema si limfoma, maana baadhi ya limfoblasti, yaani limfosaiti changa, hazionyeshi CD45.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni haya. Pipeti za maabara zipimwe usahihi wake kila miezi sita. Vituo vya mbali, hasa visiwani, vipewe masanduku ya kusafirishia yenye kipimajoto, kwa kuwa damu ya CD4 haitakiwi kwenye barafu wala juani, na inapaswa kupakwa kingamwili ndani ya saa 48. Friji za kingamwili ziwe na stima ya akiba ili zibaki nyuzi 2 hadi 8. Kingamwili iliyoganda barafu haifai tena. Na kipimo cha CD4 kisiachwe kwa sababu kila mwenye VVU sasa huanza dawa mara moja. Anayeanza, na anayerudi baada ya kuacha dawa, bado anahitaji kupimwa, ili aliye chini ya 200 apimwe pia kriptokokasi (kuvu inayoweza kushambulia ubongo) na kifua kikuu kabla hajazidiwa.

Asante kwa kutusikiliza.

Ni sisi, wahudumu na wanafunzi wa maabara, Kisumu.