Mtoto Yesu anauzwa peke yake

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu enzi za kulisoma kwa zamu kijiweni, na sijawahi kuwasumbua kwa barua. Lakini ile habari yenu ya Novemba, ukurasa mzima, eti shamrashamra za Krismasi zimepamba moto, imenishinda. Nimeirudia mara mbili nikitafuta kanisa. Nimekuta friji, televisheni, mapazia na meneja anayechekelea mauzo. Majilio yenyewe, zile wiki za kuisubiri Krismasi, yalikuwa hayajaanza!

Jumamosi iliyopita mjukuu wangu wa miaka 6 aliniburuta hadi kwenye duka moja kubwa hapa Dar es Salaam. Mlangoni kasimama Baba Krismasi ndani ya koti zito, na joto la Desemba mnalijua. Jasho limembandua ndevu za pamba upande mmoja, anazishikilia kwa kidole. Picha naye shilingi 10,000. Nikalipa, kijana wa watu anatafuta riziki. Ndani, juu ya theluji ya plastiki, tukakuta pango: Maria, Yosefu, ng'ombe, mamajusi na ngamia wao, ila hori tupu. "Babu, Mtoto Yesu yuko wapi?" Nikamwuliza dada wa mauzo. Akageuza boksi, akasoma kibandiko, akanijibu bila hata kutabasamu: "Mzee, mtoto anauzwa peke yake. Na ameisha. Labda uchukue ngamia wa ziada."

Kwetu Rombo, Kilimanjaro, hori nalo lilikuwa tupu, Mhariri, lakini tulikuwa tunasubiri. Pango tulijenga wenyewe kwa majani makavu ya migomba na masale, na Mtoto hakulazwa mpaka tumerudi kwenye misa ya mkesha, miguu imejaa umande. Mtakatifu Fransisko alipoandaa pango lake pale Greccio, Italia, mwaka 1223, alileta nyasi, ng'ombe na punda wa kweli; sijasikia kwamba alimtoza mtu hela ya picha. Na masale yetu hayakuwa pambo tu. Kwa Wachaga hilo ndilo jani la kuombea msamaha, na Desemba ndipo ndugu wote wako nyumbani, kesi za vihamba, yaani mashamba ya ukoo, zinakaliwa, waliogombana wanatazamana usoni. Mimi na mdogo wangu tulinuniana miaka minne kwa ajili ya mpaka wenye migomba kumi na mmoja. Mwaka 2009, asubuhi ya Krismasi, alikuja na jani la masale mkononi, hakusema neno, nikalipokea, tukashushia kata moja ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Hiyo ndiyo Krismasi ya mtu mzima! Haina ofa, haikopeshwi kwa awamu, na ukurasa wenu wa biashara haujawahi kuipigia simu.

Na huko Rombo kwenyewe mtu atafikaje? Kila Desemba ukifika dirishani tiketi "zimeisha", ukigeuka nyuma kuna kijana anazo nne mfukoni, kwa bei yake. Mwaka juzi nilikalia ndoo ya rangi katikati ya basi kutoka Chalinze hadi Korogwe, na nauli nililipa kamili. Hilo hamliandiki mpaka basi lipinduke.

Pendekezo langu ni dogo. Neno "ofa" lisichapwe ndani ya sentimita 10 za neno "Krismasi" mpaka Jumapili ya tatu ya Majilio, ile ya mshumaa wa rangi ya waridi. Mkishindwa hilo, basi angalau mmwombee yule Baba Krismasi kiti na shati la kitenge la mikono mifupi. Na kama kuna msomaji aliyenunua Mtoto peke yake akakwama hana pango, anitafute tubadilishane. Yule ngamia nilimchukua. Mjukuu alikuwa ameshaanza kulia.

Babu wa Tabata,
Dar es Salaam