"Ile mpya imeshafika?"

Simu ikitangazwa usiku huko ng'ambo, hapa Ngamiani, Tanga, habari yake tunaipata asubuhi kabla hatujamaliza kufungua milango ya duka. Anaanza kijana wa bodaboda anayesubiri abiria pale mbele: "Bosi, ile mpya imeshafika?" Wa pili anakuja na picha aliyoikuta kwenye stetasi ya mtu, anataka kujua tutaiuza shilingi ngapi. Wa tatu ni mzee wetu wa barazani, yule wa kahawa na kashata. Yeye hana habari na bei. Anauliza, "Na hiyo chaji yakaa?" Tukimwambia bado hatujaishika mkononi, anaguna, anarudi kwenye bao lake.

Wateja wetu wengi wanaulizia kama yule kijana. Leo naomba tuulizie kama mzee, na nitaanza na kisa cha zamani kidogo ambacho huwa nakisimulia dukani mtu anapokuwa na haraka ya kutoa hela.

Amazon ni duka. Lilianza kuuza vitabu kwenye intaneti mwaka 1995, likaishia kuuza kila kitu. Tarehe 18 Juni 2014, huko Seattle, Marekani, mwenye duka Jeff Bezos alipanda jukwaani na simu ya kwanza ya duka lake, Fire Phone. Ukisoma sifa zake leo bado zinavutia. Usoni ilikuwa na vijikamera vinne, kimoja kila kona, kazi yake kukufuata kichwa kinavyosogea, hivyo picha kwenye kioo ilionekana ina kina, kama unachungulia dirishani. Pembeni ilikuwa na kitufe cha huduma waliyoiita Firefly. Unaielekezea simu kitabu, au boksi la sabuni, au unaisikilizisha wimbo, inakitambua kile kitu na kukupeleka moja kwa moja mahali pa kukinunua. Unakinunua wapi? Kwao.

Watu walishangilia vijikamera kwa siku mbili tatu. Kisha wakaanza kupiga hesabu.

Jambo la kwanza lilikuwa bei. Mwaka 2011 Amazon ileile ilitoa tableti ya Kindle Fire kwa dola 199, wakati iPad ya bei ya chini ilikuwa dola 499. Kwa hiyo watu walikaa wakingoja simu ya bei ya kutupa. Wakaambiwa dola 199 kwa mkataba wa miaka miwili, au dola 649 taslimu bila mkataba. Hiyo ni bei ya iPhone. Mtu akishakuzoea kwa bei ya soko la Mgandini, ukimpandishia ghafla hakulaumu kwa sauti, anapita tu kama hakukuona.

La pili, simu iliuzwa kwa mtandao mmoja tu, AT&T. Aliyekuwa na laini ya kampuni nyingine ilibidi aihame kampuni yake kwa ajili ya simu. La tatu, ingawa ndani yake mlikuwa na Android iliyofanyiwa ukarabati, haikuwa na duka la programu la Google. Hakuna Ramani za Google, hakuna programu ya YouTube, hakuna Gmail ile watu waliyoizoea. Walipewa duka la Amazon lenyewe, na vitu vingi havikuwamo.

La nne ndilo lililonifanya nikikumbuke kisa hiki miaka yote, kwa sababu na mimi ni mwenye duka. Watu waliitazama ile Firefly wakaona wanauziwa kaunta. Kitufe kizima cha simu kimetengwa kwa ajili ya kukurudisha dukani, na wewe ndiye unayetoa dola 649 kukinunua. Angekupa bure ungemwelewa. Mimi nikikuuzia kava lenye namba yangu ya lipa nyuma, utanicheka.

Haki isemwe, waliotetea simu ile nao walikuwa na hoja. Ilikuja na nafasi ya GB 32 kwa bei ambayo wenzake walikuwa wanatoa GB 16, kamera yake ya megapikseli 13 haikuwa mbaya, mnunuzi alipewa mwaka mzima wa uanachama wa Prime, huduma ya Amazon ya kuletewa mizigo haraka, uliokuwa unauzwa dola 99, na kulikuwa na kitufe cha msaada, ukibonyeza anakutokea mtu kabisa kwenye kioo anakuelekeza. Huduma hiyo ya mwisho ningeitamani hata mimi, maana kila Jumamosi huwa nina foleni ya watu waliosahau nywila.

Haikusaidia. Simu iliingia sokoni tarehe 25 Julai. Tarehe 8 Septemba, wiki sita baadaye, bei ya mkataba ilishushwa kutoka dola 199 hadi senti 99. Oktoba kampuni ikatangaza hasara ya dola milioni 170, nyingi zikiwa za simu hiyo. Mwaka 2015 wakaacha kuiuza. Aliyeinunua Julai alikuwa anaionea uchungu kabla hata protekta haijapata mkwaruzo. Cha kuchekesha ni kwamba Novemba ileile ya 2014 Amazon walitangaza Echo, spika ya kuweka nyumbani unayoongea nayo, nayo watu wakaipokea. Kaunta iliyokataliwa mfukoni ikaingia kwa mlango wa jikoni.

Sasa tuilete Tanga. Fire Phone ilikuwa inaingia laini moja. Haina sehemu ya memori kadi. Betri haitoki. Mzee wetu wa bao asingefika hata kwenye swali la bei. Hapa kwetu mtu ana laini ya pesa, ana laini ya bando, na wengine wana ya tatu ambayo hawapendi iulizwe. Simu ya laini moja kwa mtu kama huyo ni kero, hata iwe na kamera mia. TECNO na itel hawakuipata Tanzania kwa maajabu. Waliliona hilo la laini mbili mapema, wakalimaliza, mambo mengine wakayaleta baadaye.

Na lile la kufungwa kwenye mtandao mmoja, msidhani ni la Wamarekani peke yao. Linatufika dukani kwa njia ya zawadi.

Mwaka jana alikuja mama mmoja kutoka Pongwe. Simu ilikuwa ndani ya boksi lake, boksi limefungwa kwenye mtandio, mtandio umo mkobani. Nikampa kigoda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Binti yangu aliyeko Marekani kaniletea simu. Nitilie laini."

Nikachomeka laini yake. Simu ikawaka vizuri, ikapiga na kamlio ka kukaribisha, halafu kikatokea kiboksi katikati ya kioo kinadai namba ya kufungulia mtandao. Mama akainama kuangalia.

"Yasemaje?"

"Inasema laini hii si ya kwao, mama."

"Si ya kwao kina nani?"

Nikamweleza. Tukampigia binti kwa WhatsApp kwenye simu yangu, kule ni alfajiri, akapokea na usingizi wake. Kumbe simu aliichukua kwa malipo ya kila mwezi na alikuwa bado anadaiwa miezi minane. Kampuni ile haifungui simu ambayo deni lake halijaisha, na kwa upande wao nawaelewa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaifunga tena ile simu kwenye mtandio, taratibu, kona kwa kona.

"Basi hii si simu yangu," akasema. "Ni ya wenyewe, mie nimewekeshwa tu."

Nilitaka kumsahihisha nikashindwa, maana hakukosea hata neno. Kuna mafundi watakaokwambia lete elfu thelathini naifungua sasa hivi. Wakati mwingine inafunguka kweli, na siku ukisasisha programu inajifunga tena, fundi keshahamia Muheza. Sisi kazi hiyo hatuifanyi. Tulimwambia mama aihifadhi, binti akimaliza deni aombe ifunguliwe kwa njia yao, ni bure na haijifungi tena. Kwa wakati ule alitoka na kitochi.

Mkataba ule wa dola 199 nao tunao, ila kwetu unavaa nguo nyingine: simu ya mkopo. Unatoa kianzio, unaondoka na simu, unalipa kidogo kidogo kila siku, ukichelewa kioo kinajifunga mpaka ulipe. Sina neno baya nao, nusu ya vijana wa boda hapa mbele wasingekuwa na simu janja bila huo. Ninachoomba ni kuzidisha kabla ya kusaini. Tuseme kianzio elfu hamsini na shilingi elfu moja kwa siku kwa mwaka. Hiyo ni laki nne na kumi na tano elfu. Niulize na mimi, simu hiyohiyo taslimu ni ngapi, kisha ukae chini uamue. Wamarekani walioona "senti 99" wakadhani simu imekuwa ya bure walikuwa wanasoma kianzio; miaka miwili ya bili ya AT&T ilikuwa inawasubiri nyuma ya mlango.

Suala la programu za Google lilirudi tena mwaka 2019, Huawei walipowekewa vikwazo na Marekani mwezi Mei, na Septemba wakatoa Mate 30 isiyo na huduma za Google. Simu nzuri mno kwa mwili na kamera. Simu za Huawei za kuanzia hapo wateja huzishika dukani, wanazisifu, kisha wanauliza kama YouTube itafunguka ileile. Zipo njia za kuzunguka, na kijana anayependa kuchokonoa ataishi nayo vizuri. Kwa mama anayetaka simu apokee picha za wajukuu, mimi namwambia wazi asinunue.

Kwa sababu hizo, dukani kwetu hatupokei hela kabla simu haijawashwa mbele yako na laini yako mwenyewe haijaingia. Kuna wanaoona tunawachelewesha. Ni dakika kumi. Tunapiga *#06#, zinatokea namba za IMEI, yaani namba za utambulisho wa simu yenyewe, tunazilinganisha na za kwenye boksi, kisha unazituma kwa ujumbe kwenda 15090 ujibiwe kama simu ni halisi. Wanaokumbuka Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walipozima simu feki nchi nzima, hawahitaji kuelezwa kwa nini. Tunafungua menyu ya pesa, *150*00# kwa M-Pesa au namba ya mtandao wako, tuone inaitika. Unampigia mtu, unamsikia, anakusikia. Tunafungua duka la programu tuone lipo na linakubali. Tunachomeka chaji, kwa sababu sistimu chaji mbovu haijifichi ikishachomekwa. Kama ni simu iliyotumika, tunaingia kwenye mipangilio kuangalia kama kuna akaunti ya mtu mwingine haijatolewa; ikiwemo, hatuuzi hata kama mwenye simu ni rafiki yangu.

Uchunguzi huohuo tunaufanya kwa simu uliyoletewa na ndugu kutoka Muscat, Dubai au kokote, na hatutozi kitu. Vizuri zaidi ni kutupigia kabla hajainunua. Mwambie aulize dukani kule mambo matatu tu: simu haijafungwa kwenye mtandao? Inaingia laini mbili? Imelipiwa yote? La nne ni letu sisi wa huku, kama kioo chake kinapatikana. Kuna simu ya kifahari imelala kwenye droo yetu tangu mwezi wa pili, imepasuka kioo tu, mzima kila kitu, na kioo chake Tanga hakuna, Dar hakuna, kikiagizwa kinakaribia bei ya simu nyingine.

Kwa yule kijana wa bodaboda, jibu langu la kila mara ndilo hilo: bado haijafika, na ikifika usiwe wa kwanza. Simu iliyotangazwa jana bado ina sifa za mtangazaji peke yake. Ipe miezi mitatu, minne. Bei itajulikana kama inasimama au inateleza, mafundi watakuwa wameshaifungua matumbo, vioo vitakuwa vimeanza kuingia. Najua hatanisikia. Wiki iliyopita kanionyesha nyingine, inakunjwa katikati kama kitabu. Mzee wa bao akainyosha shingo kutazama picha, akauliza ikikunjwa mchanga ukiingia pale kwenye mkunjo inakuwaje. Hapo mbele barabara ina vumbi la kutosha, na mimi jibu la uhakika sikuwa nalo.

Tupo kila siku isipokuwa Ijumaa mchana, tunafunga kwa swala. Njoo na laini zako zote, hata ile ya tatu. Kipini cha kufungulia kitundu cha laini tunacho.